Kamati ya Deni la Bi Mashavu

Nchi yetu ina bahati kubwa, na wasioiona bahati hiyo ni wananchi wake peke yao. Wageni wanaiona. Kila mwaka wanakuja na suti nyepesi na mabegi madogo, wanakaa hotelini, wanatukopesha fedha, wanapiga picha na waziri, wanaondoka wakicheka. Nchi ikikopa, hilo haliitwi deni, linaitwa ushirikiano. Deni ni lile la mtu mmoja mmoja, hasa yule aliyekopa kwa simu ili alipe ada ya mtoto au anunue gunia la mkaa. Hilo ndilo, kwa mujibu wa wataalamu, linaloumiza uchumi.

Zamani madeni ya simu yalidaiwa na kampuni za watu binafsi. Vijana wa kampuni hizo hawakuwa na adabu: walipiga alfajiri, walitukana, walitishia kumwambia mama mkwe wako. Wananchi wakalalamika, na serikali yetu sikivu ikasikia. Ikaunda Wizara ya Madeni na Ukumbusho, ikayachukua madeni yote, ili mwananchi asisumbuliwe tena na watu baki bali asumbuliwe na serikali yake mwenyewe. Tulishangilia. Mimi binafsi nilipeperusha kitambaa mpaka mkono ukauma.

Likabaki tatizo moja tu. Kila aliyepigiwa simu alisema, "Siye mimi." Nchi nzima haikuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa yeye. Ikaundwa tume. Wajumbe wake walizunguka nchi nyingi zenye theluji kutafuta mbinu, na waliporudi, wamenenepa na kununua makoti, mmoja wao akagundua jambo ambalo bibi yake angemwambia bila posho: watu wetu wanaweza kukana deni, wakakana ndoa, wakakana hata watoto, lakini hawawezi kuiacha shikamoo bila kuitikiwa.

Basi ikatungwa Kanuni ya Maitikio. Afisa wa wizara anapiga simu, anakuamkia kwa jina la mdaiwa, na yeyote atakayejibu "marahaba" amekubali kwamba yeye ndiye mwenye jina hilo. Mashine ya kurekodi inazimwa hapo hapo, kwa sababu yote yasemwayo baada ya marahaba, kwa mujibu wa kanuni, ni porojo. Ni kanuni nzuri sana. Imeenzi mila na imeokoa muda.

*

Jirani yangu Bi Mashavu ni mshonaji wa sare za shule. Ni mjane, watoto wake wameolewa mbali, na mtaani kwetu ndiye kijumbe wa mchezo wa akina mama. Kwa wasiojua mambo haya, akina mama hao wanatoa fedha kila Jumapili, wanampa kijumbe azishike, kisha zamu ikifika mmoja wao anapewa zote. Kijumbe hapati mshahara. Anapata kuaminiwa, na Bi Mashavu alikuwa ameaminiwa tangu enzi za serikali iliyopita, ile ambayo nayo ilikuwa sikivu.

Mwaka huo alilazwa hospitali kwa ajili ya mguu. Aliporudi alikuta kampuni ya simu imeifunga laini yake kwa kosa la kukaa kimya. Akanunua laini mpya pale kibandani. Hakuambiwa namba ile ilikuwa ya nani kabla yake, wala hakuuliza. Nani huuliza?

Nilikuwapo barazani kwake, nimefuata suruali yangu niliyompa aipunguze kiuno, simu ilipolia.

"Shikamoo, Bwana Shomari Ngwele," ilisema sauti nyororo ya binti.

"Marahaba, mwanangu, hujambo? Wazima nyumbani?" Bi Mashavu akaitikia huku akikata uzi. "Ila hapa si kwa Bwana Shomari. Umekosea namba."

"Asante sana kwa ushirikiano wako, Bwana Shomari. Wizara ya Madeni na Ukumbusho inakukumbusha deni lako la laki nne na nusu, la pampu ya kumwagilia."

"Pampu? Mimi na pampu wapi na wapi? Mwanangu, mimi mwanamke, naitwa Mashavu!"

"Nashukuru, Bwana Shomari. Shikamoo tena."

"Marahaba," akasema Bi Mashavu, kwa kuwa alilelewa vizuri.

Simu ikakatwa. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kule wizarani mtu akiitikia mara mbili huandikwa "mdaiwa mzoefu".

*

Wizara yetu haina ukatili. Haitumi mabaunsa wala haivunji milango. Ina utaratibu unaoitwa Kukumbusha kwa Upendo. Kampuni ya simu, kwa uzalendo wake, huipa wizara namba za watu wote anaowasiliana nao mdaiwa, na maafisa huwapigia mmoja mmoja ili jamii imsaidie ndugu yao kukumbuka.

Mimi nilipigiwa nikiwa naoga.

"Shikamoo mzee. Unamfahamu Bwana Shomari Ngwele, mwenye namba hii?"

"Marahaba. Namba hiyo ni ya jirani yangu Bi Mashavu."

"Ndiye huyo huyo."

"Haiwezekani, binti. Huyu ni mwanamke."

"Wizara haibagui jinsia, mzee. Mkumbushe alipe."

Nikavaa nikaenda kumkumbusha. Nilimkuta daktari wake wa mguu ametuma mtu kumkumbusha, mwenye duka la vitambaa amekuja mwenyewe kumkumbusha, na imamu wa msikiti wa pale kona amesimama mlangoni, hajui aanzie wapi kumkumbusha. Bi Mashavu aliapa kwa Mungu wake mbele yetu. Tulimwamini wote. Tukamwambia lakini alipe.

Jioni wakaja akina mama wa mchezo. Walikaa mkekani, wakaulizana hali za mguu, kuku na wajukuu, mpaka Bi Zamda akakohoa. Bi Zamda ana duka la vyombo vya plastiki na ana ulimi, na siku zote alikuwa akisema kwamba kijumbe mzuri ni mtu mwenye sefu, na mtaani kwetu mwenye sefu ni yeye.

"Dada Mashavu," akasema, "sisi hatusemi umekopa. Tunasema tu kwamba wizara inasema umekopa."

"Na mimi nasema sikukopa."

"Tumesikia. Lakini unaijua sheria ya mchezo, uliiweka mwenyewe. Mwenye deni hashiki fedha za wenzake. Na tukisikia umekiri, hapo ndiyo basi kabisa. Jumapili ijayo siyo hii, tuje tukute umejisafisha. La sivyo utukabidhi mkoba."

Bi Mashavu alimgeuzia Zamda bega. Aliwatazama wengine, nao wakatazama mkeka.

"Jamani," akasema, "mume wangu alikufa, hakuniachia nyumba. Cherehani hii ni ya pili, ile ya kwanza iliibiwa. Sina kitu ninachoweza kusema hiki changu, isipokuwa mtu akipita hapo njiani aseme pale kwa Mashavu fedha yako hailiwi na haipotei. Hicho ndicho mnataka kunichukulia kwa sababu ya pampu?"

Walilia kidogo, wakamkumbatia, wakaondoka bila kufuta tarehe.

*

Sasa nije kwenye jambo ambalo mtaa wetu unajivunia. Sisi hatumwachi mtu na shida yake. Mtu akioa tunaunda kamati, akifa tunaunda kamati, mtoto akipata kipaimara au akihitimu chekechea tunaunda kamati. Mwenyekiti wa kamati zote ni Mzee Kondo, mstaafu wa reli, mtu mwenye miwani mbili na sauti moja ya kutosha. Aliposikia habari za Bi Mashavu aliita kikao siku hiyo hiyo.

"Ndugu wajumbe," akasema, "mwenzetu amefikwa na deni. Hatujui amelipataje na adabu haituruhusu kuuliza. Kazi yetu ni kulifanikisha."

Zikaundwa kamati ndogo: ya chakula, ya mapambo, ya usafiri, ya sare, na ya vinywaji, ambayo mimi niliteuliwa kuwa katibu wake. Deni lilikuwa laki nne na nusu. Bajeti ya hafla ya kulikabidhi, pamoja na mahema, viti, keki, mshereheshaji na kitenge cha sare, ikafika milioni moja na laki mbili. Mjumbe mmoja aliyeuliza kwa nini tusilipe deni tu alitolewa nje kwa kukosa moyo wa kujitolea.

Kadi zikachapwa, za dhahabu pembeni: "Kamati inayo furaha kukuomba mchango wako wa hali na mali ili kufanikisha deni la ndugu yetu mpendwa Bi Mashavu, ambaye pia ni Bwana Shomari." Mtu mmoja elfu ishirini, wawili elfu thelathini na tano. Wengi tulitoa. Waliokuwa hawana walikopa kwa simu ili wasionekane hawamjali mwenzao anayedaiwa. Mimi nilikopa kiasi kidogo tu, cha wawili.

Bi Mashavu alikuja kwenye kikao cha pili, amejifunga khanga kiunoni, na macho yake hayakuwa mazuri.

"Nawaomba," akasema, "nawapigia magoti, msinichangie. Sina deni! Mkilipa, nitakuwa nimekiri. Nitakuwa mdaiwa mpaka naingia kaburini, na mchezo nimenyang'anywa. Mzee Kondo, unanisikia?"

Mzee Kondo alivua miwani moja, akafuta machozi.

"Mnaona unyenyekevu huu?" akatuambia. "Katibu, andika: mhusika amekataa kwa unyenyekevu. Ahadi zote ziongezwe."

Tukapiga makofi. Bi Mashavu alitutazama, akatoka. Nilimfuata kumpa soda, akaniambia nikainywe mwenyewe.

*

Alhamisi alienda wizarani kujikana, nami nikafuatana naye, kwa kuwa kamati ilinituma kumpelekea Mkurugenzi kadi ya mgeni rasmi. Jengo la wizara ni zuri, limejengwa kwa ushirikiano. Ndani kuna madirisha matatu: la Wanaolipa, la Wanaokiri Lakini Hawajapata, na la Wanaokana. Hili la tatu limewekewa birika na sukari za watumishi, kwa sababu tangu kanuni ianze hajatokea mtu wa kulitumia. Afisa mmoja alisogeza birika kwa heshima.

"Shikamoo mama."

Bi Mashavu alisita. Nilimwona anavyopigana na malezi yake. "Marahaba," akasema hatimaye.

"Karibu, Bwana Shomari."

Akatoa kitambulisho, akakiweka juu ya meza. Afisa akakisoma mbele na nyuma, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Mama, kitambulisho hiki ni cha kweli kabisa. Kinaonyesha ulivyozaliwa. Lakini sisi hapa hatushughuliki na ulivyozaliwa, tunashughulika na ulivyoitikia."

"Sasa nifanye nini, baba? Niambie, hata kama ni kazi nitaifanya."

"Rahisi tu. Aje Bwana Shomari mwenyewe athibitishe kwamba wewe siye."

"Mumwite basi."

"Tumemwita mara nyingi," afisa akasema kwa masikitiko. "Kila tukimpigia unapokea wewe."

Wakati huo kwenye dirisha la Wanaolipa kulikuwa na ubishi. Kijana mmoja mrefu, mwenye matope makavu kwenye viatu, alikuwa ameshika bahasha na kuisukuma ndani, na mkono wa afisa ulikuwa ukiisukuma nje.

"Nimesema nataka kulipa!"

"Na mimi nimekwambia huwezi. Shomari Ngwele ameshapatikana. Ni mama mmoja mshona sare. Wewe ukilipa utakuwa umejifanya mdaiwa, na hilo ni kosa."

Bi Mashavu aligeuka. Kijana naye akageuka. Wakatazamana.

"Mama," kijana akauliza taratibu, "kumbe ni wewe uliye mimi?"

Tulikaa wote watatu kwenye benchi la nje. Shomari Ngwele, yule wa kuzaliwa, alikuwa mkulima wa mchicha kule bondeni. Alikopa akanunua pampu, mchicha ukastawi, akaanza kuweka fedha pembeni alipe. Simu ikaibiwa sokoni. Alipokwenda kuirudisha namba yake, akaambiwa imeshauzwa. Tangu hapo kila akija kulipa anafukuzwa.

"Na Jumatatu wanakuja kuichukua pampu," akasema. "Wanaichukua kwa sababu Shomari hajalipa. Na mimi nikilipa wanasema mimi si Shomari. Mke wangu ananiuliza jioni, wewe ni nani hasa?"

Akaitoa ile bahasha, akaiweka kwenye mapaja ya Bi Mashavu.

"Mama, nakuomba. Wewe wanakutambua. Nenda dirishani pale uwalipe, useme wewe ndiye mimi. Ni sentensi moja tu."

Naijua sentensi hiyo. Imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa: "Mimi Fulani nakiri kwamba nilikopa, nilidaiwa, nilikumbushwa, na sasa ninalipa." Bila kuisema kwenye mashine hawapokei hata senti.

Bi Mashavu aliirudisha bahasha polepole, kama mtu anayerudisha mtoto mchanga kwa mama yake.

"Mwanangu," akasema, "ungeniomba shati ningekushonea bure. Ungeniomba chakula ningekupikia. Lakini nikiisema hiyo, wanawake wenzangu watanyanyua fedha zao waende. Siwezi. Nisamehe."

Shomari alisema haidhuru. Aliinamisha kichwa, akaendelea kukiinamisha. Mimi, ili kumchangamsha, nilimuuzia kadi ya mtu mmoja, na yeye, kwa kuwa ni mtu wa watu, akachangia elfu ishirini kwa ajili ya deni la Bi Mashavu.

*

Hafla ilifana. Ilikuwa Jumamosi mchana, mahema ya rangi ya chungwa, akina mama wamevaa kitenge cha sare, na keki yenye umbo la pampu. Bi Mashavu aliletwa na kamati ya usafiri, ambayo iliingia kwake watu sita na kumchukua karibu na kumbeba. Walimkalisha meza kuu, kwenye kiti chenye utepe.

Mkurugenzi wa Ukumbusho, Dokta Lukali, alisimama kuhutubia wali ukiwa umeshapakuliwa.

"Ndugu wananchi," akasema, "dunia nzima inatutazama. Ziko nchi tajiri, sitazitaja, ambazo mtu akidaiwa kimakosa anaandika barua, anapewa majibu, jambo linaisha siku hiyo hiyo, naye anabaki mpweke. Je, huo ni utu? Hapa kwetu mtu akidaiwa kimakosa anapata nini? Anapata mahema! Anapata pilau! Anapata sisi!"

Tulishangilia kwa dhati. Mzee Kondo akanyanyuka na bahasha kubwa ya michango. Wakati huo Shomari, aliyekuwa ameketi nyuma kabisa kwenye viti vya mtu mmoja, akasimama akaja mbele. Alikuwa amevaa shati safi na viatu vile vile.

"Mheshimiwa," akasema, "Shomari Ngwele ni mimi. Pampu ni yangu. Deni ni langu, na fedha hizi hapa. Mama huyu hajakopa kitu. Naomba mnipokelee."

Nilimwona Bi Zamda anaacha kijiko hewani. Kila mtu alimtazama kijana, kisha akamtazama Bi Mashavu, na hata sisi wa kamati, ambao hatuna tabia ya kushuku, tulianza kuelewa kwamba mwenzetu labda hakuwa mnyenyekevu kiasi tulichodhani.

Dokta Lukali alitabasamu kwa upole.

"Kijana, nakupongeza kwa moyo wa kujitolea. Lakini sheria iko wazi. Wewe hukuitikia. Aliyeitikia ndiye wa kukiri, na akikiri akalipa, deni linafungwa na pampu inabaki. Asipokiri, hata fedha za kamati hii sizichukui, na Jumatatu pampu inachukuliwa. Wizara haiwezi kuanza kumsikiliza kila anayesema ukweli, tutafika wapi?"

Shomari alibaki amesimama na bahasha yake. Hakulia. Alikuwa akiipapasa tu ile bahasha kwa kidole gumba, akiipapasa kona moja, na nadhani Bi Mashavu alikuwa anakitazama kidole hicho.

Alinyanyuka. Mzee Kondo akamsogezea bahasha ya michango.

"Hizo warudishieni wenyewe," Bi Mashavu akasema kwenye kipaza sauti. "Wengine mmekopa kuzitoa. Mnadhani sijui? Shomari, lete zako."

Akazipokea zile za mchicha. Afisa aliyekuja na Mkurugenzi akawasha mashine ya kurekodi. Bi Mashavu aliwatafuta wenzake wa mchezo kwa macho, akawaona wamekaa safu ya pili, wote wamevaa sare, akawatazama wao tu.

"Mimi Shomari Ngwele," akasema, "nakiri kwamba nilikopa. Nilidaiwa. Nilikumbushwa. Na sasa ninalipa."

Halafu akakaa, akajifunika uso kwa kitenge, na mabega yakawa yanapanda na kushuka. Sikuwahi kumwona analia, hata siku ya mguu. Mimi nilijisikia vibaya sana, nikaenda kugawa soda.

Dokta Lukali alihesabu fedha, akakata keki, akamkabidhi cheti chenye jina la Shomari Ngwele, Mdaiwa Bora wa Kanda. Shomari alipiga magoti mbele ya Bi Mashavu, akaondoka akikimbia kwenda bondeni kumwambia mkewe. Michango tulirudisha siku ile ile, baada ya kutoa gharama za mahema, viti, wali, keki na mshereheshaji. Kila mtu alipata nauli ya kurudi nyumbani.

*

Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili, ile Jumapili waliyoahidiana. Bi Mashavu alifagia baraza mapema, akatandika mkeka, akaweka mkoba wa mchezo katikati, umefungwa vizuri, tayari kukabidhiwa. Cherehani hakuigusa. Nilipopita kumjulia hali alinijibu neno moja moja.

Akina mama wakaja. Hawakuulizana habari za kuku wala za wajukuu. Walikaa, na Bi Zamda akakaa karibu na mkoba kuliko wote. Mimi nilisogea ukutani nisikie vizuri, kwa kuwa jirani mwema hufuatilia.

Bi Mashavu aliusukuma mkoba kwa Bi Zamda.

"Haya, Zamda. Fedha zote zimo. Sheria tunaijua. Nimekiri jana mbele ya watu wote, mmenisikia."

Bi Zamda hakuugusa. Alikuwa akitazama huku na huku barazani, kama mtu aliyefika mahali akamkosa mwenyeji wake.

"Mimi jana nilikuwapo," akasema. "Nimesikia kwa masikio yangu mawili. Aliyekiri ni Bwana Shomari Ngwele. Jamani, nimekosea?"

"Hujakosea," wakasema wengine.

"Amekiri vizuri tu, amelipa, amepewa na cheti. Mungu amzidishie. Lakini mchezo wetu sisi wanaume hatuwaingizi, na wanaosikiliza ukutani waondoke. Leo Jumapili, tuna fedha zetu mikononi, na tumemfuata kijumbe wetu." Akatoa noti kutoka kwenye kifundo cha khanga yake, akazishika hivyo hivyo mbele yake. "Dada Mashavu yuko wapi?"

Mimi nilikuwa nimeshafukuzwa, nimefika nusu ya njia, nikasimama.

"Nipo," akasema Bi Mashavu, akauvuta mkoba kwake, akazipokea noti.